Kuku wa mama aliuzwa mara tatu kanisani. Hiyo sadaka ilikuwa ya nani?

#1 Mwana wa Luanda
Bwana asifiwe wadau. Mimi niko Nakuru kikazi, lakini Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani Vihiga kwa sikukuu ya mavuno. Kuna swali limenikaa kichwani kutoka Luanda hadi Salgaa na bado halijatoka.

Mama yangu ana miaka 71. Saa moja asubuhi alikuwa tayari, amemfunga miguu mtetea wake mwekundu kwa utepe wa leso kuukuu, amembeba kwapani kama mkoba. Nikamwambia tupande boda. Akakataa, ati kuku akiona boda atamchafulia gauni. Tukatembea.

Ibada ikaisha, mnada ukaanza. Mnadi akamwinua kuku kwa mabawa, "nani ataanza na mia tano?" Mheshimiwa mtarajiwa mmoja (uchaguzi wa 2027 unanukia, mnajua) akasema 3,000. Vigelegele. Akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema "namrudishia Bwana". Kuku akanadiwa tena, chama cha akina mama kikamchukua kwa 1,400, nao wakarudisha. Mara ya tatu naona macho yote yamenigeukia, mtu wa Nakuru. Nikasema 2,000. Nimenunua kuku wa mama yangu, ambaye siku ya soko pale Luanda ningempata kwa 1,000 na soda juu. Nami nikampa mchungaji.

Shilingi 6,400 kwa kuku mmoja. Mwishoni karani akasoma: Mheshimiwa 3,000, akina mama 1,400, "kijana wetu wa Nakuru" 2,000. Mama hakusomwa. Alikuwa benchi la tatu, ule utepe wa leso ameuzungusha kidoleni anaufungua na kuufunga.

Sasa niambieni. Sadaka ilikuwa ya nani? Kama ni yetu sisi watatu, mama alitoa nini? Kama ni ya mama, sisi tulitoa nini?

#2 Bonde la Njoro
Nimekaa mbele. Nangoja watu wa Walawi wafike.

#3 JaKondele
Sadaka ilikuwa ya kuku. Nyinyi wengine wote mlirudi nyumbani mkiwa hai.

#4 Shemasi wa Kakamega
JaKondele acha mzaha uzi haujafika hata post tano 😂

Mwana wa Luanda, hesabu ni rahisi. Bei ya soko ni 1,000, hiyo ni ya mama. Zilizobaki 5,400 ni za wanunuzi, kwa sababu hakuna aliyehitaji kuku, walihitaji kutoa. Nyumba moja, milango miwili.

#5 Mwana wa Luanda
Shemasi hesabu yako nimeipenda, ila kwenye daftari hiyo 1,000 haipo popote. Mheshimiwa ameandikiwa 3,000 kamili, si 2,000. Ndiyo maana nauliza.

#6 Mwalimu Mstaafu
Salamu kwenu. Jambo hili lina andiko, na naona hakuna aliyeligusa. Fungueni Walawi 27 kuanzia aya ya 30. Zaka ya nchi, iwe mbegu au matunda ya miti, ni ya Bwana. Mtu akitaka kukomboa chochote katika zaka yake, yaani akitoe kwa fedha abaki nacho, anaongeza juu yake sehemu ya tano. Kwa hiyo Musa anaujua mnada wenu, isipokuwa mnunuzi ni mwenye mali mwenyewe, na bei ina kipimo.

Kijana, wewe ni wa nyumba ya mama. Ulipomnunua kuku mlikuwa mnamkomboa. Sehemu ya tano ya 1,000 ni 200. Ulipaswa kulipa 1,200. Umezidisha 800.

#7 Bonde la Njoro
Ndio hao sasa. Mwalimu, hiyo 800 anarudishiwa na nani?

#8 Chwele Mkulima
Mwalimu heshima yako iko juu, lakini soma aya mbili mbele. Ya 31 ni ya mazao ya shamba. Ya 32 na 33 ni ya mifugo ipitayo chini ya fimbo, na hapo imesemwa wazi haikombolewi. Mahindi unakomboa, mnyama hapana. Kuku yuko upande gani?

#9 Mwalimu Mstaafu
Umenipata, Mkulima. Nilisimama mapema. Lakini "chini ya fimbo" ni ng'ombe na kondoo. Kuku hata hatajwi katika Walawi. Ndege wa madhabahuni walikuwa hua na makinda ya njiwa.

#10 Neema ya Free Area
Mimi naona nyote mnapotea. Yesu alipoingia hekaluni alipindua meza na kuwafukuza waliokuwa wakiuza kuku. Kuuza kitu ndani ya kanisa ni dhambi, mwisho. Kwetu Nakuru tulishaacha mambo ya mnada, mtu anatuma kwa namba ya M-Pesa ya kanisa akiwa kwake, hakuna anayejua.

#11 Shemasi wa Kakamega
Dada Neema walikuwa NJIWA. Na katika Yohana 2 kulikuwa na ng'ombe na kondoo pia. Kuku wa Agano Jipya ni wawili tu: yule wa kukusanya vifaranga chini ya mabawa, Mathayo 23, na jogoo wa Petro.

#12 JaKondele
Na jogoo wa Petro naye hakununuliwa na mheshimiwa. Aliwika bure.

#13 Chwele Mkulima
Tena dada Neema, huyo njiwa asikupite hivi hivi. Walawi 12 inasema mwanamke aliyejifungua alete mwana-kondoo, na kama hana uwezo, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka 2:24, Mariamu na Yusufu walileta ndege. Yaani njiwa ndiye aliyekuwa sadaka ya maskini. Waliopinduliwa viti walikuwa wanamuuzia mama kama huyu wa Vihiga. Huyu wetu alikuja na kuku wake amemfuga mwenyewe, hakununua kwa mtu mlangoni. Ni hali tofauti.

#14 Neema ya Free Area
Sawa, njiwa. Nimekubali. Lakini mnada bado sitaki.

#15 Sabato Kendu Bay
Amani. Kwetu suala haliko kwenye kuku, liko kwenye siku. Sisi Wasabato tuko upande huu wa ziwa tangu misheni ya Gendia, 1906, na vitu vya mavuno tunaleta kama nyinyi. Lakini hauwezi kunadi Sabato. Nehemia 13, aliwaona watu wakileta nafaka na divai na tini siku ya Sabato akafunga malango ya Yerusalemu. Kanisani kwetu mikungu ya ndizi inalala ndani, Jumapili asubuhi ndiyo inanadiwa nje chini ya mti. Na nimeona kitu: Jumapili mheshimiwa hayupo, bei inashuka, ndizi zinaenda kwa watu wanaotaka kula ndizi.

#16 JaKondele
Omera, Jumapili mheshimiwa yuko kwa akina Mwana wa Luanda, atakuwaje kwenu?

#17 Mnadi wa Kijiji
Nimesoma kimya lakini sasa naguswa. Mimi ndiye huyo mtu wa kuinua kuku kwa mabawa. Si wa kanisa lenu ndugu, mimi ni upande wa Bungoma, lakini nimenadi miaka 14 na suti mbili zimeharibiwa na kuku. Acheni niwaambie yanayotendeka mbele pale ambayo ukiwa benchi huyaoni.

Kwanza, kila mtu haleti pesa kwa sababu wengi hawana pesa. Kina nyanya wa kijiji wakiambiwa wachangie 500 za kuezeka wanakaa nyumbani Jumapili hiyo. Wakiambiwa "leta ulichonacho" wanakuja wote. Nimeona mtoto akileta yai moja ndani ya karatasi ya sukari, amelishika kwa mikono miwili kutoka mlangoni hadi mbele, kanisa zima limeacha kupumua. Lile yai lilienda kwa 200.

Pili, mpangilio una akili yake. Vitu vya wajane na watoto naviweka mapema, wageni kabla hawajachoka. Kabla ya ibada naongea na wazee wawili: kitu cha mama fulani kisishuke chini ya hapa, nikikutazama wewe ongeza. Mwaka mmoja nilisahau, boga la mjane mmoja nikalinadi mwisho wakati watu wanatafuta watoto wao waende. Lilienda kwa 30. Nilimwona akitabasamu, na tabasamu hilo ninalo hadi leo.

Tatu, daftari. Karani anaandika aliyelipa kwa sababu ndiye mwenye deni. "Nitatuma jioni." Ile orodha mnayosomewa haikuwekwa iwe ya heshima, ni ya kufuatilia madeni, ila waheshimiwa wameigeuza. Na wadeni ni wengi! Mhubiri 5, heri usiweke nadhiri kuliko kuweka usiondoe. Kuna mtu ana deni langu la mbuzi wa tangu kabla ya korona. Mbuzi ameshazaa.

#18 Mwana wa Luanda
Mnadi, hii ya daftari la madeni sikuwahi kuifikiria. Kwa hivyo mama hakusomwa kwa sababu hana deni?

#19 Mnadi wa Kijiji
Kwa upande wa karani, ndiyo. Kwa upande wa Mungu, hilo uliza Mwalimu.

#20 Mume wa Mtu
Mimi naongea kama mwathiriwa. Mwaka wa juzi, Kisumu, nilinunua boga kwa 1,500. Sikuhitaji boga. Mnadi alisema "yule bwana wa shati la samawati ananitazama kama mtu anayempenda Mungu", watu wakageuka, mkono ukapanda wenyewe. Hizo 1,500 zilikuwa za kumalizia karo ya mtoto, Jumatatu arudi shule. Mke wangu alilipika lile boga siku nne mfululizo bila kusema neno, anaweka sahani mezani anaondoka. 2 Wakorintho 9:7 nilikuja kuisoma baadaye: si kwa huzuni wala kwa lazima. Mimi nilitoa kwa huzuni, kwa lazima, na kwa boga.

#21 JaKondele
Pole sana mzee. Si wewe uliyekuwa wa shati la samawati kweli? Nilikuwepo. Lilikuwa boga zuri.

#22 Mume wa Mtu
Usinianze.

#23 Mkaazi wa Butere
Hapa tatizo ni mheshimiwa, si kuku. Nakumbuka 12 Septemba 2021 hapa Butere, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Anglikana ya Kenya. Wanasiasa wakubwa walikuja, na Askofu Mkuu Ole Sapit akasema watatambuliwa lakini maikrofoni hawapewi. Walikaa, wakasikiliza, wakaenda. Ibada ilikuwa tamu. Kisha Novemba 2024 Wakatoliki wa Nairobi wakarudisha mamilioni yaliyotolewa na Rais. Haya mambo yanawezekana. Mtoeni mheshimiwa kwenye mnada, kuku atauzwa 1,200, mama atasomwa.

#24 Chwele Mkulima
Na paa litaezekwa na nani kwa 1,200? Nasema kwa uchungu, mimi pia sipendi zile hotuba. Lakini kanisani kwetu bati tulizopigia misumari ni za mnada, na nusu ni za watu ambao siwezi kuwapigia kura. Mvua haiulizi.

#25 Rafiki wa Kaimosi
Niingie polepole kama desturi yetu (ingawa sisi Marafiki, yaani Quaker, wa huku tunaimba na kupiga ngoma, wale wa kukaa kimya wakija kututembelea hushangaa). Misheni yetu ilianza Kaimosi 1902, na marehemu babu yangu alikuwa akisimulia kuwa zamani shilingi ilikuwa ya kodi ya nyumba, kanisani ulileta mtama, mayai, kuni. Mayai yanaoza. Lazima mtu ayanunue siku hiyo hiyo. Kwa maelezo yake mnada ulizaliwa na kuoza kwa mayai, si na teolojia.

#26 Mwalimu Mstaafu
Sikatai simulizi ya babu yako, Rafiki, lakini mimi nilikuwa kijana miaka ya sitini na nakumbuka lingine. Baada ya 1963 neno lilikuwa Harambee kila mahali, shule, zahanati, daraja. Mtu anasimama, anataja kiasi, anapigiwa makofi. Kununua kitu na kukirudisha kinadiwe tena nilikuona kwanza kwenye harambee ya shule, baadaye ndiyo kukaja kanisani. Kwa babu yako yai liliuzwa mara moja, likaliwa. Kwetu likaanza kuzunguka.

#27 Shemasi wa Kakamega
Au vyote viwili. Au ni Kumbukumbu la Torati 14:24: njia ikiwa ndefu, uza zaka yako, funga fedha mkononi, ukifika mahali pale ununue chochote roho yako ikitakacho, ule mbele za Bwana ufurahi, wewe na nyumba yako. Kununua na kula kumo humo.

#28 Bonde la Njoro
Shemasi mbona umekata? Aya ya 26 inataja ng'ombe, kondoo, divai NA KILEO. Sijawahi kusikia ikihubiriwa Nakuru.

#29 Shemasi wa Kakamega
Na hutaisikia kwangu.

#30 Kuku Zangu Bahati
Jamani mimi ni mfugaji, niseme la kidunia kidogo. Mwaka jana nilinunua jogoo wa mnada kwa 1,800, nikamwachilia kwenye banda pamoja na wangu. Siku ya tano kinyesi cha kijani, shingo imepinda. Kideri. Kati ya kuku 43 nilibaki na 6. Jogoo wa sadaka. Tangu hapo kuku wa kanisa anakaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganyika, na chanjo tunaungana majirani, chupa ya dozi 100 haina haja mtu mmoja kununua, tone moja jichoni kila ndege. Wanadi, waambieni watu wasilete kuku anayesinzia.

#31 Chwele Mkulima
Hiyo ni Malaki 1:8 mubashara. Mkileta kilema na kigonjwa, je si vibaya? Hebu kampelekee liwali wako uone kama atafurahi.

#32 JaKondele
Liwali wa siku hizi ndiye anayemnunua kwa 3,000. Mpelekeeni huyo anayesinzia.

#33 Mama Kanga wa Bungoma
Wanangu, mnajua tatizo lenu? Mnaongea juu ya kuku na hamjauliza firigisi alikula nani. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Kuku ameuzwa kwa watu watatu, mwenye nyumba ni nani? Huyo ndiye mwenye sadaka.

#34 Mume wa Mtu
Mama umetumaliza. Mchungaji basi.

#35 Mama Kanga wa Bungoma
Na mke wa mchungaji aliyemchinja alipata shingo. Kama kawaida.

#36 Mwalimu Mstaafu
Turudi. Kijana aliuliza swali zito na tumelizungushia firigisi. Wengi mnamfikiria mjane wa Marko 12. Ngoja tumwangalie vizuri. Zile senti mbili zilikuwa lepta, sarafu ndogo kuliko zote. Mbili zinafanya kodrante, na kodrante 64 ni dinari moja, ambayo katika Mathayo 20 ni ujira wa kibarua wa siku. Kibarua cha shamba leo tukiseme ni 500, mjane alitoa kama shilingi 8. Hainunui hata mandazi.

Na mahubiri karibu yote husema Yesu alimsifu. Someni aya ya 40, iliyo juu yake kabisa: waandishi wanaokula nyumba za wajane. Halafu ghafla mjane anatokea, ametia riziki yake yote. Mimi nimefundisha somo hili miaka mingi na sijui kama Yesu alikuwa anafurahi au anahuzunika. Hakuna aya isemayo "fanyeni kama yeye".

#37 Neema ya Free Area
Mwalimu, lakini alisema ametia zaidi kuliko wote! Hiyo si sifa?

#38 Mwalimu Mstaafu
Ni kipimo, binti yangu. Daktari akisema huyu ana homa kuliko wote wodini, hajamsifu.

#39 Rafiki wa Kaimosi
Mimi naguswa na aya ya 41. Yesu alikaa akiielekea sanduku la hazina, akitazama watu wanavyotia. Alikaa. Kwa hivyo kuna mtu alikuwa anatazama benchi la tatu. Na jina la mjane halikusomwa vile vile, ndugu Mwana wa Luanda. Hata Marko hakuliandika.

#40 Shemasi wa Kakamega
Lakini Barnaba liliandikwa! Matendo 4, aliuza shamba akaweka fedha miguuni pa mitume, na tukaambiwa jina lake, kabila lake na kisiwa alikotoka. Kusomwa si dhambi.

#41 Mkaazi wa Butere
Na sura inayofuata wakaandikwa Anania na Safira 😬 Orodha ni moja.

#42 Bonde la Njoro
Mnaonaje ile ya Daudi? Aliambiwa uwanja wa kupuria apewe bure akasema hamtolei Bwana sadaka isiyomgharimu. Alilipa shekeli 600 za dhahabu. Kwa hivyo sadaka ni ya anayegharimika. Hapo Mheshimiwa anaingia.

#43 Chwele Mkulima
Shekeli 50 za fedha. 2 Samweli 24:24.

#44 Bonde la Njoro
600 za dhahabu. 1 Mambo ya Nyakati 21:25. Nimeshika hapa.

#45 Chwele Mkulima
Na mimi nimeshika hapa!

#46 Mwalimu Mstaafu
Nyote mko sawa. Samweli anataja uwanja na ng'ombe, Mambo ya Nyakati anasema "mahali pale". Wengine husema 50 ni ya uwanja na ng'ombe, na 600 ni ya mlima wote. Wengine hawaridhiki nayo. Lakini Bonde, gharama ya mheshimiwa unaijuaje? 3,000 kwake ni nini? Pengine ni ile kodrante yenyewe, ila imepigiwa vigelegele.

#47 Neema ya Free Area
Mathayo 6. Wamekwisha kupata thawabu yao. Ndiyo maana nasema M-Pesa.

#48 Mume wa Mtu
Dada Neema, kwenu namba ya M-Pesa ikitumiwa, mweka hazina haoni jina?

#49 Neema ya Free Area
...anaona. Anaona na saa pia.

#50 JaKondele
Anaona hata kama ulituma kabla au baada ya kukosana na mchungaji.

#51 Mwana wa Luanda
Wadau, leo asubuhi nimempigia mama. Nilitaka nimwambie mambo ya Rafiki wa Kaimosi, kwamba kuna aliyekuwa akitazama benchi la tatu. Nimeandika tuliyoongea kama yalivyo.

Nikamuuliza, mama, uliumia jina lako liliporukwa?
"Jina gani?"
Karani alisoma watu, wewe hukusomwa.
Akacheka. "Wewe umekaa Nakuru sana. Ukisomwa, wiki ijayo wanakuletea kadi ya mchango wa jengo. Mimi nilikuwa naomba asinione."

Nikamuuliza mbona alimchagua yule mwekundu, kwa sababu mimi namjua, ndiye mkubwa kuliko wote bandani. Kimya kidogo. Kisha: "Alikuwa anakula mayai."
Mayai ya nani?
"Yake. Nimeweka matano, kesho nakuta maganda. Nikaweka tena. Maganda."
Kwa hivyo mama ulimtoa kwa sababu anakula mayai?
"Nilimtoa kwa sababu yule mwingine ana vifaranga. Na huyu pia anakula mayai. Sasa unataka nitoe yupi?"

Hapo nikakosa la kusema. Naomba msimcheke mama yangu. Nyinyi chekeni mimi, niliyemlipia 2,000.

#52 JaKondele
Nimejaribu. Nimeshindwa. 😂😂😂

#53 Chwele Mkulima
Malaki 1:8 tulikuwa tunamrushia mwingine kumbe...

#54 Kuku Zangu Bahati
Hapana, Mkulima, kula mayai si ugonjwa wala kilema. Kuku wa hivyo ananona, nyama yake haina neno. Ni tabia. Mara nyingi anakosa chokaa, au kiota kina mwanga mwingi, au yai moja lilipasuka akaonja.

#55 Mwalimu Mstaafu
Mimi namtetea mama. Wawili alionao: mmoja analea, mmoja anaharibu. Kumtoa anayelea ni kuua vifaranga. Musa mwenyewe, Kumbukumbu 22, ukikuta ndege na makinda usimchukue mama pamoja na wana.

#56 Neema ya Free Area
Lakini Mwalimu, alijua ana kasoro na hakusema. Mnadi angemuuza hivyo sokoni angerudishiwa.

#57 Mnadi wa Kijiji
Dada, nikianza kuuliza kila kuku tabia zake tutamaliza Jumatano.

#58 Mama Kanga wa Bungoma
Mwana wa Luanda, mchungaji ameshamchinja?

#59 Mwana wa Luanda
Hilo ndilo tatizo, mama. Hapana. Mke wake alisema ni kuku mzuri sana, watamfuga atage.

#60 Mume wa Mtu
Uwiii.

#61 Shemasi wa Kakamega
Mwambie mama mchungaji ukweli. Mapema.

#62 JaKondele
Usimwambie. Sadaka ikishatolewa si yako. Walawi, kifungu kile kingine.

#63 Kuku Zangu Bahati
Mwambieni njia, si historia. Kiota kiwe gizani, chini ya kitanda hata, na nyasi nyingi. Mayai yaokotwe mara tatu kwa siku, asipewe nafasi. Vumbi la omena (dagaa) kijiko kimoja kwa siku, na chokaa ya kuku au maganda yaliyosagwa hadi yasionekane kama yai. Wengine hutoboa yai, wanatoa kiini wanajaza pilipili, akidonoa anajuta. Kwangu ilifanya kazi kwa mmoja, mwingine alizoea pilipili.

#64 Mwana wa Luanda
Shukrani. Omena nitamtumia mimi kutoka Kibuye nikipita Kisumu mwisho wa mwezi. Gorogoro moja la lile vumbi ni pesa ngapi siku hizi?

#65 JaKondele
Inategemea. Unanunua, ama unanunua halafu unarudisha?